Mbegu Iliyobarikiwa Kwingine

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, na haikuwa siku ya harusi yangu wala siku niliyojifungua. Ilikuwa Alhamisi ya kawaida ya majira ya baridi, hapa Johannesburg, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa nimekaa juu ya kreti ya soda chumbani kwa Mzee Bisimwa, kule Jeppestown, nikimweleza jambo nililodhani nimelipanga vizuri sana. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanikaripia, taratibu, bila kupandisha sauti, na karipio lile limenifaa maisha yangu yote. Nimelikumbuka wiki hii kwa sababu wewe na wenzako mmenijia na habari ya kikundi chenu cha ushonaji. Kampuni kubwa inataka kuwachukua, na mnaniuliza mkubali au mkatae. Hilo sitawajibu, maana mimi sishoni hata kifungo. Nitakuambia lingine, na utaona mwenyewe utakavyolitumia.

Wakati ule sikuwa nimefika miaka thelathini. Niliolewa kwetu Morogoro na kijana wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni, na nchi yao ilipofunguka nikamfuata huku na mtoto mgongoni, nikidhani nakuja kuishi na mume. Kumbe nakuja kuishi na mama yake. Tulipanga nyumba Kensington, naye akatutangulia kuhamia humo kutoka kwake. Siku tulipofika alinisimamisha pale pale getini, kabla sijatua hata begi, akasema kwa Kiingereza cha polepole ili nisikose neno: "Makoti, jiko ni langu mpaka nife. Chumba ni chako, sitaingia bila kubisha. Jumapili asubuhi nyumba nzima inakwenda kanisani kwetu." Makoti ndivyo wanavyomwita bibi arusi, na aliniita hivyo hata nilipoanza kuota mvi. Usiku ule nililia mpaka mto ukalowa. Nilijiambia yule mama hana moyo. Lakini nikuambie ukweli, kwa miaka yote tuliyokaa pamoja hakuingia chumbani kwangu hata mara moja bila kubisha. Lishike hilo, nitalirudia.

Basi Jumapili asubuhi nilikwenda na mama mkwe kwenye kanisa kubwa la Kensington, lenye mabenchi yanayong'aa na kipaza sauti kisichokoroma. Jumapili mchana nilimchukua binti yangu Lindiwe, tukateremka Jeppestown kwenye ushirika wetu wa Waswahili. Nasema Waswahili, lakini wengi walikuwa Wakongo wa Bukavu na Uvira waliokimbia vita, pamoja na Warundi kadhaa, na sisi Watanzania wachache tulioletwa huku na ndoa. Tulikutana kwenye gereji ya zamani ya kupaka magari rangi. Rangi ile ilikuwa imeingia ukutani, na kila nikiisikia harufu yake hata leo nataka kuimba. Nilikwenda pale kwa ajili ya nyimbo, na kwa ajili ya mtoto. Lindiwe alikuwa anasikia Kiswahili vizuri, lakini ukimsemesha anakujibu Kizulu. Pale gerejini ndipo mahali pekee alipoona kwamba lugha ya mama yake inasemwa na watu wazima wenye heshima zao, si mimi tu nikigomba naye kuhusu kuoga.

Ushirika ule ulikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwingine. Kabla ya mahubiri, Mzee Bisimwa husimama mbele na kuuliza: "Nani alifika hii wiki? Nani hana fasi ya kulala?" Fasi ni mahali, kwa Kiswahili cha kwao. Waliofika kwa basi wiki ile husimama na kusema jina na walikotoka. Kisha huuliza tena: "Nani iko na fasi?" Na mikono huinuka. Wengine walikuwa wanaishi chumba kimoja watu sita, na bado mkono unainuka. Hakuna aliyehubiriwa kabla kila aliyesimama hajapata mtu wa kuondoka naye. Siku nyingine swali lile lilichukua muda mrefu kuliko mahubiri, na mhubiri akakunja Biblia yake akakaa chini bila kununa.

Kisha jengo likauzwa. Mwenye jengo mpya alitaka kulivunja, akatupa muda mfupi tutoke. Tulizunguka Jeppestown yote na Marshalltown tukitafuta mahali, tukaambulia vumbi. Hapo ndipo kanisa la Kensington likasikia habari zetu, kupitia kwa mama mkwe wangu, na mchungaji wao akaniita. Alikuwa mtu mwema, usifikiri nitamsema vibaya. Alisema milango iko wazi, njooni nyote, kuna nafasi, kuna joto, kuna vyoo. Ila, akasema, mkija mnakuja kuwa sehemu yetu. Ibada itakuwa moja, ya asubuhi, kwa Kiingereza na Kizulu. Jina la ushirika wenu litaisha. Viongozi watakuwa wale wale wa kanisa. Na hao wageni wenu wasio na pa kulala watapelekwa kwenye ofisi ya misaada, ambayo hufunguliwa katikati ya wiki.

Mimi nikawa katikati, huku ndugu, kule wakwe. Kila upande ulinitegemea nitafsiri, na wewe unajua anayetafsiri anavyoweza kupunguza hapa na kuongeza pale. Hofu yangu ilikuwa moja: watu wetu wasitawanyike. Wakitawanyika, Lindiwe wangu hatasikia tena Kiswahili isipokuwa cha kugombezwa, na wale wanaofika na basi wakiwa na watoto hawatapata wa kuwauliza kitu. Nilimwogopa hasa Mama Furaha, msusi wa Uvira, mwanamke mwenye sauti, ambaye angesikia masharti yale angeondoka na nusu ya watu. Kwa hiyo nikapanga. Jumapili nitasimama na kuwaambia tumepata mahali pazuri, tunahamia, na hakuna kitakachobadilika. Mengine watayaona wenyewe kidogo kidogo, wakiwa wameshazoea joto.

Hilo ndilo nililomweleza Mzee Bisimwa Alhamisi ile, nikiwa juu ya kreti. Mzee alikuwa ameketi kitandani na koti lake, miguu karibu na jiko la mafuta ya taa. Kwao Bukavu alikuwa mwalimu wa historia. Nilitegemea anisifu. Nilikuwa hata nimejiandaa kujifanya mnyenyekevu akinisifu.

Hakunisifu. Alisema, "Mama Lindiwe, ikala kwanza," ingawa nilikuwa nimekaa tayari, na akaanza habari ya babu yake.

Babu yake alikuwa mwami, yaani mtawala, wa kilima kimoja kule Kivu, utawala mdogo kiasi kwamba mwami akipiga kelele akiwa kileleni, raia wake wote wanamsikia. Hayo ni maneno ya Mzee mwenyewe, na nadhani alitia chumvi. Ulikuwa mdogo lakini huru. Hawakumpelekea mtu zawadi kwa kulazimishwa, kesi zao walizimaliza wenyewe, na juu ya yote walibariki mbegu yao wenyewe. Kwao, mvua ikikaribia, hakuna aliyethubutu kutia jembe ardhini kabla mwami hajabariki mtama na kupanda mashimo ya kwanza kwa mkono wake. Ngoma yake ikilia, watu wanajua sasa. Ukitaka kujua mwami wako ni nani, Mzee alisema, hutazami kofia wala kiti. Unauliza mbegu yako imebarikiwa kwa nani.

Ng'ambo ya bonde palikuwa na mfalme mkubwa. Mfalme yule hakuja na mikuki. Alianza kwa kumwoza babu binti yake. Ng'ombe walipougua kilimani, akatuma ng'ombe wa maziwa kwa ajili ya watoto. Babu hakuwa mjinga, aliona anakopelekwa, lakini maziwa yalikuwa maziwa. Kisha mvua zikakataa, zikakataa tena, na njaa ikawafikisha watu mahali pa kula hata mbegu zilizofichwa darini. Mvua iliporudi hapakuwa na cha kupanda. Babu akamwomba mkwewe mbegu. Mfalme akasema atapewa, tena nyingi, kwa sharti moja tu: zitabarikiwa kwake, ikuluni, mwaka huu na miaka yote.

Babu akakubali. Hapa Mzee aliacha kuota moto, akaninyooshea kidole. "Sikia muzuri. Babu hakukosa hapo. Batu balikuwa banazika batoto. Angekatala, leo mi siko hapa nakuambia."

Kosa lilikuwa baadaye. Babu aliona aibu. Aliichukua mbegu kwa njia ya msituni, ikiwa imefunikwa majani ya viazi, asiione mtu. Alipofika nyumbani alivaa ngozi yake, akatoa ngoma, akabariki mbele ya watu mbegu ambayo ilikwisha kubarikiwa kwingine. Watu wakapiga vigelegele. Walisema njaa imepita na mwami wetu bado ni mwami wetu. Babu alijiambia watu wameteseka vya kutosha, kwa nini niwaongezee uchungu? Mwaka uliofuata akafanya vile vile, na mwingine, mpaka uongo ule ukawa desturi.

Wakati wa mavuno walikuja watu wa mfalme kuonja mtama wa kwanza, kwa sababu aliyebariki mbegu ndiye anayekula kwanza. Raia waliambiwa hao ni wageni tu, wakwe wa mwami. Wakawapigia magoti kama wageni. Kisha babu akafa bila kusema. Mtoto wake mkubwa akasimama na kutangaza kwamba wao ni huru, na ushahidi wake ni ngoma, maana kila mtu ameisikia kila mwaka. Mdogo, ambaye mama yake alikuwa binti wa mfalme, akasema wao ni watu wa mfalme tangu zamani, na ushahidi wake ni kapu la mbegu, maana mama yake alilipokea kwa mikono yake likitoka ikuluni. Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Kilima kikagawanyika, ndugu na ndugu, mkuki kwa mkuki, nyumba zikachomwa. Mfalme akaja kuwaamua, na alipomaliza kuwaamua hakuondoka. Yule mkubwa alikimbilia Bukavu, akawa anaosha vyombo kwa mapadri. Huyo ndiye baba yake Mzee Bisimwa.

"Mapadri," Mzee alisema, na hapo alicheka kidogo, "bakanifundisha historia ya Ufaransa." Walimfundisha habari ya jimbo moja la kando ya bahari lililokuwa na mtawala wake, mpaka binti aliyelirithi akaolewa na mfalme, na baadaye jimbo zima likaingizwa kwenye ufalme. Naye alipokuwa mwalimu aliifundisha habari hiyo hiyo miaka mingi. Kila akifika pale ambapo watu wa jimbo wanaahidiwa kwamba haki zao za zamani hazitaguswa, anasema, alikuwa anageukia ubao na kucheka peke yake, wanafunzi wakadhani ana kifua. Habari ya kilima cha babu haikuwemo katika kitabu chochote, lakini yeye aliiona ni ile ile.

Kisha akanitazama. "Siku ya Jumapili ukisimama mbele ya batu na kusema hakuna kitu itabadilika, utakuwa unapiga ile ngoma ya babu yangu."

Nilijitetea, bila shaka. Nilikuwa hodari wa kujitetea. Nilisema, "Lakini Mzee, nikiwaambia yote, Mama Furaha ataondoka na watu."

"Benye bataondoka, bataondoka na macho wazi. Benye bataingia, vilevile. Mi sikukatazi kuingia. Kwenye gereji hatuwezi kubaki. Nakukataza kudanganya." Akarekebisha utambi wa jiko. "Na mbegu yetu siye ni gani? Ulishauliza?"

Nikasema ni Kiswahili. Nilijibu haraka, kwa sababu ndicho kilichokuwa moyoni mwangu.

Akatikisa kichwa. "Kiswahili itakwisha, mama. Lindiwe wako anakujibu Kizulu tayari, na bale bangu wako huko barabarani banasema sharp, sharp, ya vijana ya huku. Mbegu ni ile swali tunauliza mbele ya mahubiri. Mwenye anauliza ile swali, njo mukubwa wetu. Kama ni ofisi itauliza, basi ofisi njo mwami." Njo, kwa Kiswahili chao, ni ndiye.

Iliniuma, mwanangu. Iliniuma kuambiwa kwamba kitu nilichokuwa nakipigania kwa ajili ya mtoto wangu hakina dawa, na kwamba kile ambacho ni chetu hasa nilikuwa tayari kukiachia ili nipate mabenchi yanayong'aa. Niliondoka bila kumaliza chai yake. Nilitembea mpaka Kensington nikisema naye kichwani, nikimshinda kila hoja, mpaka nilipofika getini kwetu na kukumbuka nilivyosimamishwa pale.

Mama mkwe alikuwa jikoni, jikoni kwake, anamenya boga. Nikamuuliza, kwa nini siku ile ya kwanza alinipokea vile, kwa masharti, kabla hata ya maji ya kunywa. Hakuacha kumenya. Alisema, "Nilitaka ulie siku moja, makoti, usilie kila siku." Kisha akanifukuza, maana nilikuwa nimesimama kwenye mwanga wake.

Kesho yake nikarudi kwa mchungaji. Nilimwambia nitawaeleza watu masharti yake yote, neno kwa neno, nisifiche hata moja, na asishangae kama watakuja wachache. Alishtuka kidogo, lakini akasema ni haki. Kisha nikamwomba kitu kimoja tu. Nilimwomba swali letu liulizwe mbele, kanisa zima likisikia, kila Jumapili. Akanieleza tena habari ya ofisi, kwamba ina watu waliosomea kazi hiyo, kwamba inafunguliwa Jumanne mpaka Alhamisi.

"Mchungaji," nikamwambia, "basi linaingia Jumamosi jioni."

Alichezea kalamu yake, akasema atafikiri. Nikamwambia basi na hilo pia nitawaambia watu Jumapili, kwamba mchungaji bado anafikiri.

Jumapili nikasimama gerejini na kusema yote. Ibada moja. Lugha si yetu. Jina linaisha. Viongozi ni wao. Swali letu, bado hatujajibiwa. Nilisema nikitazama viatu vyao. Sikuwa nimemaliza Mama Furaha aliposimama. "Unatuuzisha kwa mama-mukwe yako!" akapaza sauti, na wengi wakaitikia. Palikuwa na maneno mazito siku ile, mengine hata sitayarudia mbele yako. Mtu mmoja alisema mwanamke aliyeolewa kwa watu hana tena upande. Mzee Bisimwa aliwaacha waseme. Walipochoka akasimama na kuuliza swali lake kama kawaida, nani alifika hii wiki, na kijana mmoja wa Kirundi akasimama, na aliyeinua mkono kumchukua alikuwa Mama Furaha, bado amekasirika, machozi yanamtoka.

Aliondoka, kama nilivyoogopa. Aliondoka na watu wengi, wakaanza kukutana sebuleni kwa mmoja wao, na kwa muda mrefu alinipita njiani kama sikuwepo. Moyo wangu uliumia sana, maana nilimpenda. Lakini hakuna aliyeweza kusema alidanganywa, si yeye wala sisi tuliobaki, na miaka ilipopita ni yeye aliyemsuka Lindiwe siku ya mahafali yake na kukataa kulipwa. Angekuwa ameingia kwa kudanganywa na kuja kugundua baadaye, sidhani kama angenishika mkono mpaka leo.

Jibu la mchungaji lilikuja siku moja kabla hatujahama. Alisema tujaribu. Dakika chache, baada ya nyimbo, mbele ya watu wote.

Siku hiyo tuliingia Kensington kwa mlango mkubwa, tumevaa vizuri, na tulikuwa wachache. Watu walitusogezea nafasi kwa heshima, wakatutazama. Nyimbo zikaisha. Mchungaji akamwita Mzee Bisimwa, naye akapanda kwa hatua za mwalimu, na koti lake lile lile. Akaukataa mkono wa mtu aliyetaka kumsaidia ngazi. Akauliza kwa Kiswahili, "Nani alifika hii wiki? Nani hana fasi ya kulala?" Nikatafsiri kwa Kiingereza, na mzee wa kanisa mmoja akatafsiri kwa Kizulu.

Kwa bahati mbaya wiki ile hakuna mtu wetu aliyekuwa amefika. Nilitazama mistari yetu, hakuna aliyesimama. Nilijiambia, ndiyo hivyo, imekwisha, Jumapili ijayo watalifuta, watasema halina kazi.

Kisha mtu akasimama nyuma kabisa, karibu na mlango. Alikuwa msichana mwenye mfuko wa plastiki, amevaa sweta mbili moja juu ya nyingine. Alisema jina lake kwa sauti ndogo, na kwamba ametoka Eastern Cape kutafuta kazi, na kwamba dada aliyemfuata amehama na hajui alikohamia. Alikuwa mtu wa nchi hii hii, mwanangu. Wala si mgeni kama sisi. Alikuwa amesikia joto likitoka mlangoni mwa kanisa, akaingia.

Mzee hakubabaika. Akauliza la pili, "Nani iko na fasi?" Tukatafsiri. Watu wa Kensington wakatazama viatu vyao, si kwa ubaya, ni kwamba hawakuwahi kuulizwa hivyo wazi wazi mbele ya watu. Mikono yetu sisi wa Jeppestown ilianza kuinuka. Lakini kabla haijafika juu nikasikia benchi linalia pembeni yangu. Mama mkwe wangu alikuwa anasimama. Yule wa jiko ni langu mpaka nife. Akamnyooshea msichana kidole na kusema kwa Kizulu, kwa sauti ya kumwita mtoto chakula kimeiva: "Woza, ntombi. Uzolala kwami." Njoo, binti, utalala kwangu. Kisha akanigeukia mimi na kuninong'oneza kwamba atakayemenya maboga kuanzia sasa ni huyo, na mimi nisijisumbue.

Nililia, na safari hii sikuona haya.

Yule msichana alikaa kwetu mpaka alipopata kazi. Jumapili iliyofuata mikono ya Kensington ilikuwa mitatu au minne, na baadaye ikawa mingi. Mzee Bisimwa aliendelea kuuliza mpaka miguu ilipomkataa, kisha tukamzika, na kanisa lilijaa watu waliowahi kulala mahali kwa sababu yake.

Sasa usinielewe vibaya. Tulimezwa. Ukienda pale leo hutatukuta, hakuna mstari wa Waswahili, kwaya yetu ilikufa mapema, na jina la ushirika wetu wanalijua wazee wachache. Mzee alisema kweli kuhusu Kiswahili pia. Lindiwe wangu ananijibu Kizulu mpaka kesho, na watoto wake hata kusikia hawasikii. Nikisema haliniumi nitakuwa napiga ngoma ya babu wa watu. Lakini kila Jumapili, baada ya nyimbo, mtu husimama mbele na kuuliza. Kwa sasa anayeuliza ni Lindiwe. Anauliza kwa Kizulu, kisha kwa Kiingereza, na kabla ya zote mbili anauliza kwa maneno ya Mzee, kwa lafudhi mbovu ya kuchekesha, na hata neno fasi amelibakiza.

Basi nasaha yangu, mwanangu, si kwamba mkatae wakubwa wanapowaita. Kuna siku mtu hana mbegu, na mwenye nayo ni mmoja. Kukubali siku hiyo si aibu. Ila kabla hujakubali, kaa na wenzako mtafute mbegu yenu ni ipi, kile kitu ambacho anayekifanya ndiye mkubwa wenu. Usikimbilie jibu la kwanza, maana la kwanza huwa ni lile linalokuuma wewe peke yako. Mkishakijua, kiombeni hicho, na mengine muwe tayari kuyaacha. Na utakaporudi kwa wenzako kuwaeleza, waeleze yote, hasa lile unaloogopa wataondoka wakilisikia. Usiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa. Waache walie siku moja.

Mungu akupe kuingia kila nyumba kubwa mchana, kwa mlango wa mbele, ukijua ulichobeba na ulichoacha nje. Na humo ndani akupe mtu wa kukuuliza kama una fasi ya kulala. Asipokuwepo, mwanangu, basi Mungu akupe miguu ya kusimama uulize wewe.